Kadi Ambayo Haikujaribiwa

Kila asubuhi, kabla kengele ya shule haijalia, mji mzima ulikuwa umeshaisikia sauti ya shangazi yake Chapu. Stendi kuu ya mabasi ilikuwa mitaa miwili tu kutoka nyumbani kwao. Shangazi alikaa pale katika kibanda cha vioo, mdomo karibu na kipaza sauti, akitangaza magari yanayoingia na yanayotoka. Wauza chai waliinjika birika kwa tangazo lake la kwanza, na wanafunzi wazembe waliruka kitandani kwa tangazo la pili. Wengi hawakuijua sura yake. Lakini akisema tu sokoni, "Nipimie vitunguu," watu waligeuka kumtazama.

Chapu alikuwa na miaka kumi na miwili. Jina lake la daftarini lilikuwa refu na zuri, ila nyumbani hakuna aliyelitumia. Aliitwa Chapu kwa sababu kila kitu alikifanya chapuchapu: alifagia chapuchapu akaacha vumbi kwenye pembe, akaosha vyombo chapuchapu vikabaki na mafuta. "Huyu siku moja kwa haraka zake atafika kabla hajaondoka," baba yake alikuwa akimtania. Baba alikuwa mpiga picha, mwenye studio ndogo mbele ya nyumba, pazia jeupe na kiti kimoja cha kuzunguka.

Shangazi aliishi nao, pamoja na mwanawe wa miaka mitatu aliyeitwa Kifungo. Baba yake Kifungo alifariki kabla mtoto hajajua kutambaa, na tangu hapo mama na mwana walikuwa kama kidole na ukucha. Kila jioni mtoto alipogoma kulala, shangazi alikunja kiganja mbele ya mdomo na kutangaza kwa sauti yake ya kazini: "Abiria wa gari la usingizini, mnaombwa mpande. Mizigo yote ibaki chini. Dereva ameshakaa, taa zinapunguzwa. Anayesafiri na mama, amshike mama mkono." Kifungo aliacha kila alichokuwa anafanya, akatupa vikorokoro vyake, akapanda kitandani mbio. Aliogopa kuachwa na gari.

Kisha sauti ile ilianza kukwaruza. Mwanzoni shangazi alisema ni vumbi la stendi, akanywa maji ya tangawizi. Miezi ikapita, mkwaruzo ukazidi, na hospitalini wakagundua uvimbe kooni. Daktari alisema kweli bila kuizungusha: ili aishi, sehemu ya koo inayotoa sauti lazima iondolewe yote. Angepumua, angekula, angelea mwanawe. Kuzungumza kwa sauti ile, basi. Alitakiwa kulazwa Jumapili saa nane mchana, na mpaka siku hiyo asiseme sana, kwa kuwa koo lilikuwa limechoka.

Usiku ule shangazi hakulia mbele yao. Alimwambia kaka yake neno moja tu: "Kifungo ataisahau sauti yangu. Ana miaka mitatu. Atasahau kabisa."

Baba alitikisa kichwa kukataa. "Hatasahau," akasema. "Nina kamera."

Siku ya Ijumaa, shule zikiwa zimefungwa, baba alimwita Chapu studio. Watu wa picha za pasipoti walikuwa wamejaa mpaka barazani, na yeye hakuweza kutoka. Akampa pesa, akamwelekeza polepole, kwa kuwa alimjua bintiye.

"Kadi zangu hizi za kuhifadhia ndani ya kamera ni za picha moja moja, zinatosha kazi yangu. Video ni kitu kingine. Video ni kama maji ya bomba yanayofululiza. Kadi ikiwa nzito kupokea, yanamwagika nje. Nataka kadi inayokwenda mbio na yenye kuvumilia. Tafuta herufi V, na mbele yake thelathini, hiyo ndiyo alama ya mwendo. Ukubwa, GB sitini na nne zatosha. Usitiwe tamaa na namba kubwa. Na ununue kwa fundi wa kamera, si kwingine."

"Sawa, baba."

"Sijamaliza. Ukirudi, iweke ndani ya kamera, uiache irekodi mpaka iseme imejaa. Kila nusu saa kamera itasimama yenyewe, nawe utabonyeza tena. Ikishajaa, cheza mwanzo, cheza katikati, cheza mwisho. Kadi mpya ni kama daraja jipya: unapita kwanza mikono mitupu, ndipo upite na mzigo."

Kwa fundi wa kamera kulikuwa na watu wanne. Fundi, mzee mnene mwenye miwani mbili, moja machoni na moja juu ya kipara, alimwambia, "Subiri kidogo, mwanangu." Chapu alisubiri kidogo kweli. Kisha macho yake yakaenda kwenye meza ya jirani, ambako kijana mmoja alikuwa ametundika kadi nyingi zenye karatasi za kung'aa. Moja ilikuwa na V thelathini, na ukubwa wake mia moja ishirini na nane. Bei ilikuwa chini kuliko ile ya fundi. Mara mbili ya ukubwa, na chenji juu yake! Chapu aliona baba atamsifu.

Baba hakumsifu. Aliipindua kadi mkononi, akakunja uso. "Hii si ya fundi."

"Ya jirani yake, baba. Ni kubwa zaidi. Na chenji hii hapa."

"Nilikwambia nini?" Mteja alikuwa ameshakaa kwenye kiti cha kuzunguka, akitengeneza kola. Baba akashusha pumzi. "Haya. Ndiyo maana tunajaribu. Sasa umejiongezea kazi mwenyewe. Ile ya sitini na nne ingejaa kwa saa tatu, hii itakula sita. Anza sasa hivi."

Chapu akaanza. Alisimamisha kamera juu ya meza ya chumbani, akaielekeza dirishani, akabonyeza. Nusu saa ya kwanza ilikuwa ndefu kama foleni ya zahanati. Kamera iliposimama, akacheza kidogo alichorekodi: pazia linapepea, safi kabisa, sauti ya kuku nje inasikika. Nje pia zilisikika sauti za wenzake wakiruka kamba, na mmoja wao alikuwa akimwita. Chapu aliitazama kadi, akalitazama dirisha. Si inafanya kazi? Akaifuta ile video ya pazia, akatoka.

Jioni, baba akifunga studio, aliuliza, "Umeijaza mpaka mwisho?"

"Nimeijaza, baba."

"Mwanzo, katikati, mwisho?"

"Zote."

Baba akampapasa kichwa. Chapu alikumbuka baadaye kwamba mkono ule ulikuwa na uzito wa ajabu.

Jumamosi shangazi alivaa gauni lake la kijani, akakaa karibu na dirisha. Alizungumza asubuhi, akapumzika, akazungumza tena baada ya chakula, akinywa maji ya uvuguvugu kila baada ya muda. Chapu ndiye aliyebonyeza kila nusu saa. Shangazi alianza na mambo ya karatasi: vyeti viko wapi, ndugu ni akina nani, mtoto asome kwa bidii. Halafu akasahau kamera. Alieleza jinsi Kifungo alivyopata jina, akaimba wimbo wa kuogea, akamwita mwanawe kwa majina yote ya mapenzi, akacheka. Mwisho, Kifungo akiwa mapajani, akatangaza gari la usingizini. Jumla ilikuwa saa mbili na nusu, na koo lilimwuma mpaka machozi yakamtoka. Hata hivyo alitabasamu. "Sasa naenda hospitali na moyo mweupe," alinong'ona.

Jumapili asubuhi baba alienda kumpiga picha mzee mmoja mtaa wa pili, akamwachia Chapu kazi ya kunakili video kwenye kompyuta. Majina ya video yalikuwa yamepangwa vizuri, matano, moja chini ya lingine. Akafungua ya kwanza. Shangazi akatokea, vyeti, ndugu, bidii ya shule. Akafungua ya pili. Ilikwenda dakika chache, ikaganda, ikakatika katikati ya neno. Ya tatu haikufunguka. Ya nne, kioo cheusi. Ya tano, kioo cheusi.

Akatoa kadi, akaipangusa kwa gauni, akairudisha. Kioo cheusi. Akazima kompyuta, akawasha. Kioo cheusi vilevile. Ndipo alipoelewa. Kadi ile iliandikwa mia moja ishirini na nane kwa nje, ndani haikuwa na nafasi hata ya saa moja. Ilipojaa, iliendelea kupokea majina ya video na kuacha picha na sauti zimwagike. Angeijaza Ijumaa, angeyaona haya haya, na pazia linalopepea ndilo lingepotea.

Chapu alikaa chini sakafuni. Fikra mbovu hazikuchelewa kuja. Angeweza kuirudisha kadi ndani ya kamera, akanyamaza. Shangazi angelazwa akiwa na moyo mweupe, na siku watakapogundua, kadi ingelaumiwa. Kadi huharibika, nani asiyejua? Hakuna aliyemwona akiruka kamba isipokuwa waruka kamba wenzake. Lakini saa ya ukutani ilionyesha saa nne. Mpaka saa nane, shangazi bado alikuwa na sauti. Akinyamaza, uongo wake ungelindwa, na Kifungo angebaki na vyeti na bidii ya shule. Mtoto wa miaka mitatu avipeleke wapi vyeti?

Alimkuta shangazi akipanga kanga na sabuni kwenye begi. Kifungo alikuwa chini ya kitanda akiendesha kiatu.

"Shangazi, nimekosa." Alitaka kusema taratibu, maneno yakamtoka yote pamoja. "Kadi ilikuwa mbovu. Imebaki video ya kwanza tu na kipande kidogo. Baba aliniambia niijaribu mpaka ijae, sikuijaza. Nilienda kucheza. Halafu nikamdanganya kwamba nimeijaza."

Shangazi aliketi kitandani. Alimtazama Chapu, kisha akakitazama kile kiatu kinachotembea chini ya kitanda. Chapu alitamani apigwe makofi, yaishe. Shangazi hakumpiga. Aliuliza kwa mnong'ono, "Tangazo limo?"

"Halimo."

Shangazi akafumba macho. Machozi yalimshuka, naye hakuyafuta. Kisha akanyanyua mkono, akaonyesha mlango. "Mwite baba yako. Kimbia."

Hiyo ilikuwa mara ya kwanza Chapu kuambiwa akimbie na mtu mzima wa nyumba ile.

Baba aliposikia, uso ulimbadilika. "Ulinitazama machoni," alisema. "Nilikuuliza mara mbili." Akaacha hapo, maana muda ulikuwa unakwenda, na Chapu aliona afadhali angefokewa. Walikwenda wote wawili kwa fundi wa kamera. Duka lilikuwa limefungwa, wakamgongea nyumbani, nyuma ya duka. Baba alimsukuma bintiye mbele kidogo. "Eleza mwenyewe."

"Shikamoo, fundi," Chapu akaanza, akaeleza yote, hata kamba.

"Marahaba." Fundi alivua miwani ya machoni, akavaa ile ya kiparani. "Kadi mpya ninazo, ila hatuna saa tatu za kujaribu hata moja. Ngoja." Akafungua kamera yake mwenyewe, akatoa kadi iliyofutika maandishi pembeni. "Hii ni ndogo, ya thelathini na mbili, lakini inakwenda mbio na naijua tabia yake. Nimeijaza na kuimwaga mwaka wa tatu sasa. Imefuliwa mara mbili ndani ya suruali yangu, na mke wangu hufua kwa hasira. Bado inafanya kazi. Ngoja nihamishe vyangu, kisha ichukueni."

Baba akataka kutoa pesa, fundi akakataa kwa kichwa. "Huyo mama amenipandisha magari miaka kumi na tano. Nendeni."

Saa tano na nusu shangazi alikaa tena dirishani na gauni lilelile la kijani. Sauti ilikuwa imepungua sana tangu jana, ikikatika kama uzi uliolika. Baba alimwambia, "Dada, huna haja ya kurudia yote. Sema yale tu ambayo hakuna mwingine anaweza kuyasema." Shangazi akafikiri, akatikisa kichwa kukubali. Vyeti havikutajwa.

Alimwita mwanawe kwa jina, mara tatu, kila mara kwa namna yake: ya kumwita chakulani, ya kumkanya, ya kumbembeleza. Akaimba mstari mmoja wa wimbo wa kuogea. Alitaka kueleza hadithi ya jina, koo likakataa, akaiacha. Akanywa maji. Kisha akampakata Kifungo, akakunja kiganja mbele ya mdomo.

"Abiria wa gari la usingizini," akasema, sauti ikakwama. Baba aliinamisha kichwa. Shangazi akameza mate kwa shida, akajiweka sawa kama yuko kibandani, na kuanza upya: "Abiria wa gari la usingizini, mnaombwa mpande. Mizigo yote ibaki chini. Dereva ameshakaa, taa zinapunguzwa. Anayesafiri na mama, amshike mama mkono."

Kifungo akamshika mkono. "Ni mchana, mama," akasema, na shangazi akacheka. Kicheko kile nacho kiliingia.

Zilikuwa dakika kumi na tisa. Chapu aliitoa kadi, akanakili kwenye kompyuta, akanakili tena kwenye diski ya baba. Kisha akakaa, akazitazama dakika zote kumi na tisa kutoka mwanzo hadi mwisho, bila kuruka hata moja, huku begi la hospitali likiwa mlangoni. Alipomaliza alimwendea baba. "Mwanzo upo, katikati ipo, mwisho upo. Ukitaka, angalia mwenyewe."

Baba aliangalia mwenyewe. Chapu hakukasirika, alijua kwa nini.

Shangazi alirudi baada ya wiki tatu, amekonda, shingoni kitambaa cheupe, mkononi daftari na kalamu. Alikuwa hai. Stendi ilikuwa na mtangazaji mpya, na wanafunzi wazembe walikuwa wamezoea kuchelewa. Jioni ya kwanza Kifungo alimkumbatia mama yake, akamsubiri aseme kitu, akasubiri tena. Kisha akaanza kulia, akakataa kulala.

Chapu alileta kompyuta, akaiweka kwenye kigoda. "Abiria wa gari la usingizini," sauti ikasema, yenye mkwaruzo, ya mama yake na si ya mwingine. Kifungo akanyamaza. Akaitazama kompyuta, akamtazama mama aliyekaa kitandani ametulia, amenyoosha mkono. Akatupa kiatu alichokuwa nacho. "Gari!" akasema, akapanda mbio, akaushika mkono ule.

Mtoto alipolala, Chapu alitoa daftari lake la shule. Ndani yake, kwa herufi zilizonyooka, safari hii bila haraka yoyote, aliandika hadithi ya jina la Kifungo kama alivyoisikia Jumamosi ile: kwamba alizaliwa mdogo mno, muuguzi akasema huyu ni kama kifungo cha shati, na mama akamjibu, kifungo ni kidogo, lakini bila hicho shati halifungiki. "Niliisikia peke yangu na kamera," Chapu akasema, "na kamera imesahau. Nisahihishe nilipokosea, shangazi."

Shangazi alisoma kurasa zote. Akasahihisha sehemu mbili. Kisha akafungua daftari lake mwenyewe, akaandika kwa muda mrefu, akamgeuzia. Baba naye aliinama kusoma juu ya bega la bintiye.

"Nimetangaza magari miaka kumi na tano," shangazi alikuwa ameandika. "Nimeona watu wengi wakifika na mizigo yao, jasho linawatoka, na gari limeshaondoka. Kweli nayo ina saa yake ya kuondoka, mwanangu. Ijumaa ulikosa la kwanza, na hatutalipata tena yote. Jumapili ulilikimbilia la mwisho ukiwa unaogopa, ukalipata. Kazi ifanye mpaka mwisho hata kama hakuna anayekuona. Na ukikosea, sema mapema, gari likiwa bado stendi."

Chapu alisoma mara mbili, polepole. Baba aliweka mkono kichwani pake, na safari hii mkono haukuwa mzito.